Kizibao Kipya cha Lwitiko

Subilaga Mwaisumo alishuka Makambako akiwa na mgongo wa mtu mwingine. Ulikuwa mgongo wa mama mmoja wa Mafinga, mpakiaji wa mbao, ambaye Subilaga alimbeba juzi kazini na mpaka leo alikuwa hajamtoka. Kila alipoinama kuchukua mkoba wake ulimchoma palepale ulipokuwa ukimchoma yule mama, chini kidogo ya mbavu, upande wa kushoto. Madaktari wa ofisini walisema mambo hayo huisha kwa kulala. Madaktari wa ofisini hawajawahi kubeba hata ndoo ya maji.

Baridi ya Makambako nayo haikumwonea huruma. Ilipenya sweta, ikateremka, ikaweka kambi kwenye magoti. Mbele yake ghala lilijinyoosha kando ya reli, refu, la bati la kijivu, madirisha yake yakiwaka katikati ya ukungu. Pembeni yake lilisimama ghala jingine lililofanana nalo kwa kila kitu, ila lile madirisha yake yalikuwa meusi. Subilaga alilitupia jicho mara moja, akageuza uso. Taa za ghala lile alizizima yeye.

Mlinzi wa geti akasimama wima. "Karibu, mheshimiwa mkaguzi."

"Asante, kaka. Pole na kazi."

"Nimeshapoa," akajibu mlinzi haraka haraka, na hakumrudishia.

Watu hawamrudishii. Alikwisha kuzoea. Katika nchi hii ukimkuta mtu analima unampa pole, ukimkuta anafua unampa pole, ukimkuta ameketi tu amechoka bila sababu unampa pole vilevile. Mkaguzi yeye anaambiwa karibu, kisha watu wanatawanyika kwenda kuficha kitu. Subilaga hakuwalaumu. Ila kuna siku, hasa siku za baridi, jambo hilo lilimuuma.

*

Kabla hujaichukia kazi ya Subilaga, ujue kwamba ilianzishwa kwa nia njema.

Zamani wakaguzi walikuja na kalamu. Walikaribishwa ofisini, wakaletewa soda na nusu kuku, wakaonyeshwa mtungi wa kuzimia moto uliofutwa vumbi asubuhi ileile, wakasaini. Halafu rafu zikaangukia watu, na vyeti vya usalama vikabaki vinaning'inia ukutani bila hata kupinda. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kubeba. Kila kuli akavalishwa kizibao chenye vihisio, nyuzi nyembamba zilizoshonwa ndani ya kitambaa, zinazoonja jinsi kila msuli unavyokaza na kulegea tangu asubuhi hadi jioni. Mkaguzi akifika huchagua kizibao kimoja na kukiunganisha na koti lake, na koti linamkaza misuli yake mwenyewe namna ileile. Siku nzima ya kuli inamwingia mwilini kwa muda usiozidi wa kunywa chai. Kipimo kilichobandikwa kifuani kwake kinapeleka Dodoma kila alichokihisi. Watunga sheria walisema maneno hununuliwa, lakini mwili haununuliki.

Walimwachia mkaguzi neno moja tu la mdomo. Baada ya kubeba, koti humuuliza: je, yote uliyoyahisi ni ya mvaaji? Akisema ndiyo, ushahidi umekamilika. Akisema mengine ni yangu, ukaguzi unafutwa, ghala linaendelea na kazi likimsubiri mkaguzi mwingine wa msimu ujao, na yeye anavuliwa koti kwa maisha yake yote, maana mwili uliochanganyika na miili ya watu hauaminiki tena. Subilaga alimjua mmoja tu aliyewahi kujibu hivyo, Kalunde, mwenzake wa siku nyingi. Siku hizi Kalunde akipita ofisini watu humsalimia kwa sauti ya wodini.

Meneja wa ghala aliitwa Kaijage, kijana nadhifu, mpole wa sauti, na chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Alimmiminia mgeni kikombe, akamwonyesha ghala jeusi kupitia dirishani.

"Lile pale, mama, tangu tuzime taa halijapata hata mkwaruzo. Hakuna aliyeumia."

"Hakuna aliyemo," alisema Subilaga.

"Ndiyo maana yake."

Hiyo nayo ilikuwa sheria. Mwenye ghala haruhusiwi kuwaondoa watu kwa kupenda tu. Lakini ukaguzi ukionyesha kwamba watu hawawezi kukaa salama mle ndani, anaruhusiwa, na ghala lote linaachiwa mashine zenye mikono ya chuma. Mikono haihitaji mwanga. Ndiyo maana makuli hawasemi wamefukuzwa kazi. Husema wamezimiwa taa.

Subilaga alikunywa chai yake hadi mwisho, kwa sababu ilikuwa ya moto na kwa sababu hakuwa na haraka ya kuwa mtu mwingine.

*

Vizibao vya kundi la tatu vilitundikwa kwenye misumari katika chumba kidogo nyuma ya mizani, bado vina jasho la jana. Vingi vilikuwa vimechakaa, nyuzi zimekatika hapa na pale, na kubeba kizibao cha namna hiyo ni sawa na kusikiliza redio yenye mikwaruzo. Kimoja tu kilikuwa kipya. Kila mkaguzi huchagua kipya. Subilaga alisoma jina kwenye kola: Lwitiko Sanga, kijana, jukwaa la juu.

Alifurahi kidogo moyoni. Mwili wa kijana ni mapumziko.

Akaketi, akafunga koti, akafumba macho.

Asubuhi ya Lwitiko ilikuwa tamu. Mabega mapana, magoti yanayotii, njaa ya kweli tumboni. Alipanda ngazi za jukwaa kwa kuruka. Mkono wa chuma ulimletea gunia la maharage, akalipokea, akalikalisha mahali pake kwenye rafu, akageukia jingine. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: mikono hubeba makasha vizuri, lakini gunia halina umbo maalumu, linahitaji mtu wa kulikalisha. Mkono husoma kizibao cha aliye mbele yake. Akiwa kijana humwita juu na humletea haraka. Akiwa mzee humwacha chini na humletea taratibu. Mgongo wa mama wa Mafinga ulinyamaza kwa mara ya kwanza tangu juzi, na Subilaga akatabasamu peke yake kwenye kile chumba.

Ikaja chai ya saa nne. Kizibao kilivuliwa, kikavaliwa tena.

Aliyekivaa tena hakuwa Lwitiko. Magoti yalisaga. Pumzi ilifika nusu ya kifua ikarudi. Ngazi zilezile za kuruka sasa zilipandwa moja moja, mkono umeng'ang'ania chuma, na juu jukwaani mkono wa chuma, ukidhani unamhudumia kijana, ulileta gunia haraka, ukaleta jingine, ukaleta jingine. Kisha moyo ukasimama.

Haukusimama sana. Ulinyamaza kwa muda wa mtu kukumbuka jina alilolisahau, halafu ukagonga kwa nguvu, ukaendelea. Baada ya magunia machache ukanyamaza tena. Subilaga alishika kiti kwa mikono miwili. Alikuwa amebeba miili mingi katika maisha yake, akajua anachokisikia. Mtu huyu angekufa kwenye lile jukwaa, na siku yenyewe haikuwa mbali.

Koti likalegea. Sauti yake isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikauliza: "Je, yote uliyoyahisi ni ya mvaaji?"

"Subiri," alisema Subilaga.

Sheria inaruhusu kusubiri hadi adhuhuri.

*

Aliwakuta kundi la tatu wakingoja king'ora cha zamu nje ya mlango wa ghala, wamejikunyata kwa baridi. Lwitiko alikuwa wa kwanza kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lwitiko, jana baada ya chai ulikuwa wapi?"

"Juu, mama. Jukwaani."

"Usinidanganye, mwanangu. Nimetoka kuwa wewe sasa hivi."

Kijana akatazama buti zake. Mwanamke mnene aliyejifunga kanga kichwani akajitokeza mbele yake, na sauti yake ilionyesha ndiye mwenye amri pale.

"Mimi ndiye nyapara wao, naitwa Tusekile. Kama kuna kosa ni langu, mama mkaguzi. Mwache mtoto."

"Mzee ni nani?"

Wote waligeuka, na kugeuka kwao kukatosha. Nyuma yao, juu ya gunia tupu, aliketi mzee mrefu mwenye koti la suti lililopauka na kofia ya sufu. Alinyanyuka polepole na kuja mwenyewe.

"Mwalongo," alijitambulisha. "Mwenye kosa ni mimi, hawa wengine ni wasindikizaji tu."

Tusekile akaeleza yote, maana sasa hakukuwa na cha kuficha. Masika iliyopita kizibao cha mzee kilianza kuonyesha uchovu uliopita kiasi. Kingeonyesha hivyo mara moja tena, angerudishwa nyumbani. Basi asubuhi mlangoni mwa ghala kila mtu hupita amevaa chake, kwa sababu pale kamera inalinganisha sura na jina, na baada ya chai mzee hubadilishana na Lwitiko. Kizibao hupima uchovu tu, hakipimi kilichouleta. Uchovu wa mzee kwenye jina la kijana ulionekana wa kawaida, na nguvu za kijana kwenye jina la mzee zikamfanya mzee aonekane amepona.

"Tulianza siku moja tu, alipokuwa na mafua," alisema Tusekile. "Basi tukazoea."

"Kwa nini Lwitiko? Kule ndani kuna vizibao vilivyokufa nusu. Mngempa kimoja cha hivyo nisingesikia kitu."

Tusekile alimtazama kana kwamba ameambiwa ampe mzee makombo. "Tumvalishe mzee kilichochanika, mama? Na kipya kipo?"

Subilaga alitaka kucheka, akashindwa. Wangekuwa wakorofi kidogo tu wangejificha vizuri. Adabu yao ndiyo iliyowafichua, na adabu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inampandisha mzee jukwaani, kwa maana kizibao cha Lwitiko ni cha juu, na mkono wa chuma haujui heshima ya mtu.

"Gunia likimponyoka kule juu," aliuliza, "au akianguka yeye mwenyewe, nani yuko chini yake?"

"Mimi," alisema Lwitiko. "Nikiwa na kizibao cha babu napangiwa chini. Lakini ninamtazama muda wote."

"Ukimtazama ndiyo hataanguka?"

Tusekile alianza kulia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kanga.

Subilaga akamgeukia mzee. "Baba, moyo wako unasimama."

"Unasimama, halafu unaendelea," alisema Mwalongo, kama mtu anayeeleza tabia za mbuzi wake. "Ulianza hivyo nilipomzika mke wangu. Sikutaka kuwasumbua hawa."

"Huna watoto?"

"Ninao, tena wazuri. Wananitumia kila kitu. Wameniwekea hata kile chombo kinachoongea, kinanikumbusha dawa, kinanisalimia kwa jina langu." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Lakini nikikaa nyumbani, mwanangu, nani ataniambia pole na kazi?"

*

Kaijage alikuwa bado ofisini, na birika lilikuwa bado la moto.

"Kundi la tatu lina kizibao kipya kimoja tu," alisema Subilaga akiwa amesimama.

"Bajeti, mama."

"Na hicho kimoja akapewa kijana wa jukwaa la juu."

"Mgao ulitokea hivyo."

"Ulijua watamvalisha mzee. Na ulijua mimi nitachagua kipya."

Kaijage alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. Alipoinua uso hakuonekana mwenye hila, alionekana mwenye usingizi, kama Subilaga mwenyewe.

"Mimi nimelelewa hapahapa nchini, mama. Najua kizibao kipya kitaenda kwa nani. Lakini sikumsukuma mtu apande. Nilikuwa nasubiri mkaguzi aje aone, na wewe umekuja, umeona. Ukisema ndiyo, wiki ijayo hakuna mzee juu wala kijana chini yake. Niambie hapo nani ameumia."

Kilichomchosha Subilaga ni kwamba meneja hakukosea yote. Maneno hayo aliwahi kujiambia mwenyewe, katika ghala lile jeusi, siku alipobeba mwanamke aliyekuwa akisagwa vidole na mnyororo. Alisema ndiyo, na moyo wake ulikuwa mweupe. Baadaye alikutana na mwanamke huyo sokoni Njombe. Hakumtukana. Alimnyooshea tu mikono yake ili aione: vidole vimenyooka, ngozi laini, hakuna hata kovu, na hakuna cha kushika. Wakaachana. Tangu siku ile Subilaga hakuwahi kulala usingizi ukamtosha.

Akisema ndiyo, kundi lote linazimiwa taa, na makundi mengine pamoja nalo. Akiamua kutojibu hadi adhuhuri ipite, koti litajibu ndiyo kwa niaba yake, sheria iliwaza hata hilo. Akisema ndiyo ni mbaya, akinyamaza ni mbaya, na mzee akipanda tena jukwaani ni mbaya kuliko yote.

"Njoo," alimwambia Kaijage. "Nataka usikie."

*

Alisimama mbele ya kundi la tatu akiwa bado amevaa koti. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka juu ya reli.

"Baba," alimwambia Mwalongo, "nikikuomba ushuke leo, usipande tena, utashuka?"

Mzee alimtazama machoni. "Nikishuka, hawa taa zao zitabaki?"

"Zitabaki. Mpaka msimu ujao kwa uhakika, na atakayekuja akikuta kila mtu amevaa chake, zitaendelea kubaki."

"Utafanyaje?"

"Hilo niachie mimi."

Mwalongo hakuuliza tena. Akaingia kwenye kile chumba, akatoka na kizibao chake, kile cha jina lake, akakikunja vizuri kama shati la kwendea kanisani, akamkabidhi Tusekile. Tusekile alikipokea kwa mikono miwili.

Subilaga akagusa koti kifuani. Sauti ikauliza upya: "Je, yote uliyoyahisi ni ya mvaaji?"

"Hapana," alisema. "Mengine ni yangu."

"Taja."

"Magoti. Pumzi. Na moyo."

"Mama!" Kaijage alipiga hatua moja. "Huo ni uongo, na wewe unajua."

Pengine ulikuwa uongo. Subilaga alijipekua kwa haki, kama alivyozoea kupekua miili ya wengine. Mgongo ulikuwa wa Mafinga. Magoti haya, ni ya mzee au ni ya baridi au ni ya yule mbeba saruji wa mwaka juzi? Maumivu ya bega la kulia alitembea nayo tangu ujana wa kazi, na mwenye bega hilo alikwisha kufa. Alitafuta kitu kimoja mwilini mwake ambacho angeweza kuapa ni cha kwake peke yake, akakikosa. Akaogopa, kisha uchovu ukawa mkubwa kuliko woga.

"Waite madaktari wanipime," alimwambia Kaijage. "Wakijua moyo huu ni wa nani, waniambie na mimi."

Taa ndogo ya kipimo ilipepesa ikazimika. Koti likamwachia, likawa kitambaa tu kizito, na Subilaga akalivua na kumpa meneja alirudishe Dodoma. Kaijage alilishika bila kujua alishikeje. King'ora cha zamu kikalia. Kundi la tatu likaingia ghalani, Lwitiko akiwa wa mwisho, akigeuka nyuma kila hatua, na kizibao kipya sasa kilikuwa mgongoni kwake mwenyewe.

*

Walitoka getini pamoja, mkaguzi asiye na koti na kuli asiye na kizibao. Mzee alikuwa na kikopo chake cha chakula ambacho hakikufunguliwa, na Subilaga akanyoosha mkono ampokee. Mzee akakataa, akataka yeye ampokee mkoba. Wakavutana kidogo pale njiani, hakuna aliyekubali, mwishowe kila mmoja akabaki na wake.

"Msimu ujao mwingine atakuja," alisema Mwalongo.

"Atakuja."

"Na yule kijana wa ofisini atatafuta njia nyingine."

"Ataitafuta, baba. Mimi hii ndiyo niliyokuwa nayo."

Wakatembea kando ya reli. Nyuma yao madirisha ya ghala yalikuwa yanawaka, na sauti ya Tusekile ikasikika ikimkemea mtu ashike gunia vizuri. Mzee alisimama asikilize hadi mwisho. Subilaga akakumbuka swali la mzee la asubuhi ile.

"Pole na kazi, baba," alimwambia.

"Nimeshapoa, mwanangu." Mzee akavuta pumzi, ikafika nusu ya kifua, ikarudi. Kisha akamgeukia, akamtazama vizuri tangu kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuinama. "Na wewe pole. Pole sana na kazi."

Jibu lake linajulikana na kila mtoto. Subilaga alifungua kinywa alitoe, likagoma kutoka. Akaketi juu ya mataruma ya reli yaliyorundikwa kando ya njia, akaweka mkoba chini, akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, bila kujua analilia mgongo wa nani. Mzee Mwalongo hakumnyamazisha. Aliketi pembeni yake, akafungua kikopo chake, akakiweka katikati yao, akamsubiri apoe.